KUKABIDHI MZIGO: SOMO JUU YA KUONGOZA WATU KATIKA KAZI NA BIASHARA



Somo letu la mwezi huu ni kwa wale walio na watu chini ya mkono wao katika kazi. Mtu asiseme: «Somo hili si langu, mimi si patroni.» Mama anayeoka mikate na kumtuma mtoto wa jirani kuizungusha sokoni, huyo ni mkubwa wa kazi. Ndugu mwenye mtumbwi na wapiga makasia wawili, ni mkubwa wa kazi. Mwenye moto au baiskeli mbili ambazo vijana humletea franga kila jioni, naye vilevile. Hata sisi mashemasi, siku tunapowagawa watu kulima shamba la kanisa, tunakuwa wakubwa wa kazi, na mara nyingi tunaifanya vibaya.

Kabla ya kukutana, kila mmoja asome nyumbani: Kutoka 18:13-27, Ruthu 2, Nehemia 3 na 5, Wafalme wa Kwanza 12:1-19, Yakobo 5:1-6. Mwenye kujua kusoma amsomee asiyejua.

Neno kuu la somo ni hili: kuongoza watu katika kazi ni kukabidhi mzigo vizuri na kuupokea vizuri. Katikati ya kukabidhi na kupokea, mzigo uko mikononi mwa mtu mwingine, na wewe huuoni. Kitu kimoja tu kinaweza kukuletea habari zake: ukweli wa yule uliyemkabidhi. Ukimfunga mdomo mtu huyo, umejifunga macho.

1. GUNIA LILILOLOWA

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana mwalimu asiyetaja kosa lake hufundisha nusu.

Miaka kadhaa iliyopita sisi tunaoandika somo hili tulikuwa na biashara ndogo ya mchele. Tulikuwa na vijana watatu. Mmoja alikuwa mpwa wetu, mtoto wa dada yetu. Walipanda mto Lualaba hadi vijiji vya upande wa Maniema, wakanunua mchele, wakauleta kwa mtumbwi wa mota mpaka Ubundu. Hapa tuliuweka katika magazini tukingoja treni ya kwenda Kisangani.

Safari moja kijana mmoja alikuja kutuambia kwamba bidoni moja ya mafuta ya mawese imepasuka njiani. Alitueleza kwa ukweli, bila kuulizwa. Sisi tulifanya nini? Tulimpigia kelele palepale bandarini, mbele ya mama wanaouza samaki na mbele ya wenzake. Tukamwita mjinga. Mwisho wa mwezi tukamkata nusu ya mshahara. Tulirudi nyumbani tukijisikia kwamba tumekuwa wakubwa wa kweli.

Safari iliyofuata walileta magunia 30. Usiku mmoja mvua kubwa iliwapata mtoni. Turubai lilikuwa limetoboka. Vijana walijua tangu zamani, ila hakuna aliyethubutu kutuomba franga za kununua jipya. Magunia mawili yakalowa. Walipofika waliyaweka chini kabisa, wakayafunika na mengine 28. Hawakusema neno.

Treni ilichelewa majuma matatu. Siku tulipofungua magazini, harufu ilitupokea mlangoni. Magunia mawili yalikuwa yamepata moto na ukungu ndani, ukungu ukapanda kwa jirani zake. Tulipoteza magunia 11. Kama tungeambiwa siku ile ya kwanza, tungeyamwaga yale mawili juani kwenye mkeka, na hasara ingekuwa ndogo sana. Wahenga walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tulimwita mpwa wetu tukamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu akitazama chini: «Mjomba, niliogopa mdomo wako.»

Wapendwa, tumefikiri sana juu ya jibu hilo. Mvua ililowesha magunia mawili tu. Yale tisa mengine tuliyaozesha sisi, kwa kelele za bandarini. Tena kijana wa bidoni aliondoka kwetu mwezi uleule, hakurudi tena.

2. MJI WETU NI MJI WA KUKABIDHI

Sisi watu wa Ubundu tungepaswa kulijua somo hili kuliko wengine, maana mji wetu ulizaliwa kwa sababu ya kukabidhi mizigo.

Mto unatoka Kindu, unateremka kwa utulivu zaidi ya kilometa 300, na meli zinaweza kupita. Ukifika kwetu, utulivu unaisha. Kutoka Ubundu hadi Kisangani kuna maporomoko saba, yale yanayoitwa Boyoma, katika mwendo wa kilometa 100 hivi, na maji yanashuka kama meta 60. Hakuna meli inayopita hapo. Kwa hiyo kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga njia ya treni ya kilometa zipatazo 125 kuzunguka maporomoko. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1906. Wakati huo mji wetu uliitwa Ponthierville, kwa jina la ofisa Mbelgiji Pierre Ponthier aliyekufa mwaka 1893, na Kisangani iliitwa Stanleyville.

Tazameni basi safari ya gunia moja la mchele kutoka Kindu. Linapakiwa katika mtumbwi au balenieri. Linapakuliwa Ubundu, linaingia magazini. Linatoka magazini, linapakiwa kwenye behewa. Treni inafika Lubunga, upande wa kushoto wa mto, gunia linashushwa tena. Linavushwa mto, ndipo linaingia sokoni Kisangani. Ni mara nne au tano gunia linabadilisha mikono. Na kila mzee wa bandari anajua jambo hili: gunia halipotei likiwa mgongoni mwa mtu, linapotea pale linapotoka kwenye mkono mmoja kwenda mwingine. Pale ambapo hakuna aliyehesabu, hakuna aliyeandika, na kila mmoja anasema: «Nilifikiri ni yule.»

Ndivyo ilivyo na kila kazi yenye watu. Tutazame basi mambo matano ya mkabidhi mzuri.

3. MTU AJULIKANE

Kabla ya kumpa mtu mzigo, umjue. Wengi wetu tunajua bei ya kila kitu katika duka letu, lakini hatujui kijana anayelala mlangoni kulinda anakula nini jioni.

Wazee wanakumbuka mwaka 1973. Tarehe 30 Novemba mwaka huo, Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zitachukuliwa na wananchi. Kisangani na katika eneo lote, maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi yalipata wenyewe wapya. Watu walishangilia, na kulikuwa na sababu ya kushangilia, kwa kuwa kwa miaka mingi mwananchi alikuwa mchukuzi tu katika inchi yake. Lakini wengi waliopewa maduka walipewa funguo, hawakupewa kazi. Waliuza vitu vilivyokuwa ndani, hawakuagiza vingine. Hawakumwuliza karani wa zamani mali inaletwa wapi, wala mlinzi wa magazini panya wanaingilia wapi. Wengine waliwafukuza wafanyakazi waliojua kazi, wakaweka ndugu zao. Muda haukuwa mrefu mbao za maduka zikawa tupu, na mwaka 1976 serikali yenyewe ikawaita wenyewe wa kwanza warudi.

Tunajifunza nini? Kwamba duka si kuta na bidhaa tu. Duka ni watu wanaojua kitu fulani. Anayechukua duka bila kuwajua watu, amechukua kuta.

Boazi katika kitabu cha Ruthu alikuwa mtu tajiri, lakini alipofika shambani alianza kwa kuwasalimu wavunaji, kisha akamwuliza msimamizi wake habari za mwanamke mgeni aliyemwona. Aliwatazama watu mmoja mmoja. Tufanye vivyo hivyo. Ujue jina lake, nyumbani kwake, nani anamtegemea, ni kazi gani anaiweza vizuri na ni ipi inamshinda. Asiyejua kuhesabu usimpe kuhesabu, halafu ukamwita mwizi.

Na juu ya ndugu za damu, tuseme wazi, kwa kuwa hapa ndipo biashara nyingi zinapokufa. Si vibaya kumpa mpwa kazi. Lakini kazini awe mfanyakazi, na nyumbani awe mpwa. Mshahara wake uandikwe kama wa wengine, saa yake ya kufika iwe moja na ya wengine. Ukitaka kumsaidia kama ndugu, kwa ugonjwa au kwa shule ya watoto, toa katika mfuko wako wa nyumbani, si katika kisanduku cha duka. Wenzake wanaona. Wakiona mtoto wa dada anachelewa bila kuulizwa, nao wataanza kuchelewa mioyoni mwao hata kama miguu imefika mapema.

4. MZIGO UELEZWE

Pale Kisangani, kwenye poromoko la mwisho, Wagenya wanavua samaki kwa namna ambayo watu wa inchi nyingi wamekuja kuitazama. Wanasimamisha miti mikubwa katika matundu ya miamba, wanaifunga kwa kamba, wanatundika vikapu virefu vyenye mdomo mpana katikati ya maji yanayounguruma. Lakini jambo la kushangaza kuliko miti ni utaratibu. Kila jamaa inajua mahali pake. Baba amemwonyesha mtoto: hapa ni petu, pale ni pa wale. Maji yanapiga kelele kiasi kwamba hakuna nafasi ya kubishana juu ya mwamba, na mwenye kuteleza anaweza kufa. Kwa hiyo maelezo yalimalizika nchi kavu.

Nehemia naye alifanya hivyo. Alipojenga ukuta wa Yerusalemu aligawa vipande; wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Wengi wetu tunakabidhi kazi kwa maneno matatu: «Angalia ile kazi.» Kesho tunakasirika. Maelezo kamili yana mambo manne: ni kazi gani, imalizike lini, akipata tatizo anaweza kuamua nini mwenyewe, na jambo gani asiamue mpaka akuulize. La tatu ndilo tunalolisahau. Tungekuwa tumewaambia wale vijana wetu: «Turubai likitoboka, nunueni jipya kwa franga za safari, mtatuonyesha karatasi,» mchele wetu ungepona.

Baada ya kueleza, usiulize: «Umeelewa?» Kila mtu atajibu ndiyo, hasa mbele ya mkubwa. Umwambie: «Hebu nieleze utakavyofanya.» Ukisikia maneno yake mwenyewe, utajua kama mzigo umefika mkononi mwake au umeanguka katikati.

Tena andika. Kaye moja ya shule inatosha. Chora mistari: tarehe, jina la mtu, alichokabidhiwa, kilichorudi, franga alizolipwa. Wote wawili mtie sahihi. Asiyejua kuandika aweke kidole. Wengine husema kuandika ni kutoaminiana. Sivyo. Kaye inamlinda mdogo kuliko mkubwa, maana siku ya ugomvi mkubwa ana sauti, mdogo ana kaye.

5. MZIGO UPIMWE

Musa aliketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, yeye peke yake. Mkwe wake Yethro alimwona, akamwambia kwamba atajichosha yeye na watu pia. Akamshauri kuchagua watu waaminifu, wawe wakubwa wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Mashauri madogo wayaamue wao, makubwa yaje kwake. Musa alikuwa nabii, lakini hakuona haya kufundishwa kazi na mkwe wake.

Kuna patroni ambaye funguo zote ziko mfukoni mwake. Akienda msibani Kisangani, duka linafungwa. Akiugua, watu sita wanakaa bure. Huyo anafikiri ni mwenye nguvu, kumbe amejifanya kamba moja inayoshika mashua nzima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Chagua mmoja, umpe ufunguo mmoja kwanza. Akiutunza, umpe wa pili.

Lakini kuna pia patroni anayefanya kinyume: anawarundikia wengine kila kitu. Mota imejaa, bado anasema: «Ongezeni magunia matano.» Kila mwaka mito ya inchi yetu inameza watu kwa sababu mashua zilijazwa kupita kiasi.

Katika njia yetu ya reli hatuna haki ya kulichukua kwa wepesi neno «imejaa». Mwaka 1997, wakati wa vita, wakimbizi wengi kutoka Rwanda walikuwa upande huu, katika kambi za kando ya reli, Biaro na Kasese. Tarehe 4 Mei mwaka huo, katika treni iliyowapeleka kutoka Biaro hadi Kisangani, watu 91 walikutwa wamekufa kwa kusongamana na kukosa hewa. Hatuwataji marehemu hao kama mfano wa biashara. Walikuwa watu, na tunawakumbuka kwa heshima. Tunasema tu kwamba mahali ambapo mizigo na watu wanapakiwa, lazima awepo mtu mwenye ruhusa ya kusema «basi», na mkubwa amsikilize hata kama anapoteza franga.

Kwa hiyo, mwenye mashua, mwambie nahodha wako mbele ya wapakizi wote: «Ukisema imejaa, imejaa. Hata mimi nikisema ongeza, ukatae.» Na siku atakapokukatalia, usimwadhibu. Siku hiyo ndipo watu watajua kama ulisema kweli.

6. MZIGO ULIPIWE

Mkono mtupu haulambwi. Tunajua mithali hii, lakini tunapenda kuitumia kwa wengine.

Inchi yetu imejifunza kwa uchungu. Mwezi wa Septemba 1991, askari wa kikosi cha parashuti, ambao mshahara wao haukuwatosha hata kula, waliasi Kinshasa, wakaanza kupora, na uporaji ukaenea katika miji mingi. Mwezi wa Januari 1993 ilitokea tena: askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa. Mtu alikuwa na mamilioni mkononi, hakuweza kununua chakula. Hatusifu uporaji, familia nyingi zilitokwa na machozi. Lakini tukumbuke ulianzia wapi. Ulianzia kwa mtu mwenye bunduki aliyefanya kazi bila kulipwa kitu kinachonunua. Mfanyakazi wako hana bunduki. Ana ufunguo wa magazini, ana kipimo cha mafuta, ana ulimi sokoni.

Yakobo anaandika kwamba mshahara uliozuiliwa unapiga kelele. Hakusema mfanyakazi peke yake ndiye anayelia. Hata akinyamaza, mshahara wenyewe unalia. Nayo sheria ya inchi yetu iko: Kodi ya Kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamlinda mfanyakazi juu ya mshahara, mapumziko na namna ya kuachishwa. Mkristo asingoje inspekta wa kazi amfundishe haki.

Tushike kanuni tatu. Ya kwanza: deni la mfanyakazi liwe la kwanza kulipwa, kabla ya deni la mwenye kukuuzia mali, kabla ya suti mpya ya sikukuu. Ya pili: siku ya mshahara iwe moja na ijulikane. Kama unaona franga hazitatimia, usijifiche, wala usiseme «njoo kesho» mara saba. Waite kabla ya siku yenyewe, uwaonyeshe kaye, uwaambie sehemu gani utalipa sasa na iliyobaki tarehe gani. Watu wanavumilia umaskini wa patroni. Hawavumilii uongo wake. Ya tatu: wewe mwenyewe ujipangie mshahara, uuandike. Patroni anayechota kisanduku wakati wowote hawezi kumhukumu kijana aliyechota mara moja.

Na hasara je? Kama kitu kimeharibika kwa bahati mbaya, mvua, mwamba, barabara mbovu, hiyo ni hasara ya biashara, si ya kijana. Kama ni uzembe, mzungumze, mkubaliane. Kama ni wizi, hilo ni jambo lingine, lina mashahidi na njia yake. Usiyachanganye matatu haya. Sisi tuliyachanganya, tukamkata kijana nusu ya mshahara kwa ajili ya bidoni iliyopasuka kwenye jiwe.

7. MZIGO UPOKELEWE

Sasa tunafika kwenye mzizi. Je, tulijifunza wapi kuwapigia watu kelele?

Wakati wa Leopold, kuanzia 1885 hadi 1908, makampuni ya mpira waliweka vijijini wasimamizi wenye bunduki walioitwa kapita. Kazi yao ilikuwa moja: mpira ufike, umetimia. Kapita hakuuliza kama mti umekauka au kama mtu ni mgonjwa. Aliyeleta habari mbaya alipigwa, kwa hiyo watu walikimbilia msituni au walichanganya mpira na takataka ili uzito utimie. Mpira umepita, bunduki zimeondoka, lakini jina kapita limebaki katika kazi zetu, na mara nyingine roho yake pia. Tunadhani mkubwa asiyeogopwa si mkubwa.

Tusome habari za Rehoboamu. Wazee walimshauri awahurumie watu, naye atatumikiwa siku zote. Vijana wenzake walimshauri aongeze ukali. Alichagua ukali, na makabila kumi yakamwacha. Hakupoteza ufalme kwa vita. Aliupoteza kwa jibu moja.

Namna ya kupokea ni hii. Kila jioni, kabla ya kufunga, kaa na watu wako dakika kumi. Uliza maneno matatu: Nini kimeenda vizuri? Nini kimeharibika? Mnahitaji nini kesho? Swali la pili uliulize kwa uso uleule wa swali la kwanza. Na atakayekuletea habari mbaya, neno la kwanza kinywani mwako liwe: «Asante kwa kutuambia.» Hata kama tumbo linakuungua. Halafu mtafute dawa ya tatizo, na habari za nani alikosa zije nyuma.

Ikiwa lazima kumrekebisha mtu, umwite kando, wewe na yeye. Sema kitendo, usiseme tabia. «Hukufunga mlango jana usiku» ni neno ambalo mtu anaweza kulitengeneza. «Wewe ni mvivu kama baba yako» haliwezi kutengenezwa. Linabaki tu kama mwiba. Na kusifu je? Kusifu kufanyike mbele ya watu. Sisi tumezoea kinyume: tunasifu kwa siri ili asijivune, tunatukana hadharani ili wengine waogope.

8. MWISHO WA SOMO

Mtatuuliza, yaliishaje kwetu? Tulikwenda nyumbani kwa dada yetu, tukaketi na mpwa wetu mbele ya mama yake, tukakiri kwamba kosa lilianzia kwetu. Alirudi kazini. Safari yake ya kwanza baada ya hapo alitujia asubuhi na mapema, hatujanawa uso, akasema: «Mjomba, gunia moja limelowa.» Tulisema asante. Tukalimwaga juani pamoja, tukaligeuza kwa mikono. Jioni lilikuwa limekauka.

Kijana wa bidoni anafanya kazi kwa mtu mwingine. Tulimtafuta, tukamwomba radhi, tukamrudishia nusu ile ya mshahara tuliyomkata. Aliipokea, akatusamehe kwa kinywa chake, lakini hakurudi. Tunapokutana njiani anatusalimu vizuri. Hilo nalo ni somo: kuna mtu ambaye ukimpoteza, hata ukitubu, kazi yako haitamwona tena. Tuwahi mapema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kazi yako, mzigo unabadilisha mikono mara ngapi? Ni wapi hakuna anayehesabu wala kuandika?

2. Mara ya mwisho mfanyakazi wako alipokuletea habari mbaya, neno lako la kwanza lilikuwa lipi?

3. Je, kuna mtu unayemdai kazi na wewe bado hujamlipa? Utamlipa tarehe gani? Usijibu hapa, nenda ukamwambie yeye.

4. Nani katika kazi yako ana ruhusa ya kusema «basi, imejaa»?

5. Ninyi mnaofanya kazi chini ya wengine: kuna gunia gani mmelificha chini ya mengine? Mtalisema lini, na kwa njia gani ya heshima?

6. Wazee na mashemasi: mambo haya matano, mtu kujulikana, mzigo kuelezwa, kupimwa, kulipiwa na kupokelewa, tunayafanyaje katika kazi za kanisa letu?

Mkutano ujao kila kikundi kilete kaye yake, na mmoja asimame kueleza jambo moja alilobadilisha katika kazi yake. Amani iwe nanyi nyote.